Mlango wa Msimu: Kutoka Keroka hadi Anoka

Anayelala Keroka, magharibi mwa Kenya, katikati ya Desemba huamshwa na esimbore, wimbo wa jando la Abagusii. Jua halijachomoza, na tayari kundi la wanaume na vijana linapanda kilima likimsindikiza mvulana aliyetoka kutahiriwa. Wamejipaka majivu na matope usoni, wameshika matawi mabichi, wengine wamejifunga majani kichwani hata jirani anashindwa kuwatambua. Wimbo wenyewe una maneno ambayo siku nyingine hakuna anayethubutu kuyatamka mbele ya mama yake. Asubuhi hiyo yanaimbwa kwa sauti ya juu barabarani na hakuna anayekemewa. Msafara huo wote, na kelele zake, huishia mlangoni.

Na mlango huo, kwa wiki kadhaa zinazofuata, si ule uliozoeleka. Mtu aliyekuwa akiingia jana bila kupiga hodi, leo anasimama nje. Ndani kuna kijana ambaye si mtoto tena na bado si mtu mzima, na nyumba nzima imegeuzwa kwa ajili yake.

Wiki chache kabla ya hapo, tarehe 31 Oktoba, milango ya Marekani nayo huwa imebadilishwa sura. Shuka jeusi limefunika ubao wote, sahani mbili za karatasi zimegeuka macho, meno ya karatasi yamening'inia kwenye kizingiti cha juu, na mtoto anayekuja kuomba peremende anajikuta anabisha hodi kinywani mwa zimwi. Hiyo ndiyo Halloween. Desturi ya Ireland iliyokulia Marekani na desturi ya Abagusii hazina ukoo mmoja, na itakuwa kosa kuzilazimisha undugu. Lakini historia ya kila moja inazunguka swali lile lile: jamii iwafanyeje vijana wake, na hofu yao, na utundu wao, ili visije vikaibomoa nyumba? Kote kuwili jibu lilipatikana mlangoni.

Keroka ni mahali pazuri pa kulitazama swali hilo, kwa sababu mji wenyewe umekaa mlangoni. Uko kwenye barabara ya kutoka Kisii kwenda Sotik, karibu na mwisho wa nchi ya Abagusii na mwanzo wa nchi ya Wakipsigis. Mpaka wa kaunti unapita katikati yake: upande mmoja ni Masaba Kaskazini, Nyamira, upande wa pili ni Masaba Kusini, Kisii. Tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, swali la nani akusanye ushuru wa soko na vituo vya magari limezua mvutano zaidi ya mara moja. Mfanyabiashara anaweza kununua ndizi katika kaunti moja na kuziuza katika nyingine kwa kuvuka barabara tu. Mila, hata hivyo, haikugawanywa. Esimbore inayoimbwa Nyamira ndiyo inayoimbwa Kisii.

Ili kuelewa kwa nini mlango ulipewa uzito huo, inafaa kuingia katika nyumba ya zamani ya Kigusii. Ilikuwa ya msonge, kuta za fito na udongo, paa la nyasi. Wanaanthropolojia Robert na Barbara LeVine, waliofanya utafiti Gusii kati ya 1955 na 1957 na kuuchapisha mwaka 1966 katika kitabu kuhusu kijiji walichokipa jina la bandia la Nyansongo, walikuta nyumba ambayo kila sehemu yake ilikuwa na mwenyewe. Kulikuwa na upande wa mama, penye jiko, na upande wa baba na wageni wake. Na kulikuwa na milango miwili: mmoja ukitazama ua, mwingine ukitazama zizi la ng'ombe, ambalo kwa Kigusii ni bweri. Mwanamume alizikwa upande wa kulia wa nyumba na mwanamke upande wa kushoto, kwa mtu aliyesimama ndani akitazama nje. Hata kaburi lilipimwa kutoka mlangoni.

Kilichoilinda milango hiyo hakikuwa komeo. Kilikuwa chinsoni, ule mfumo wa heshima na haya unaopanga nani amkwepe nani. Baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hakuna ufunguo, hakuna askari, na ukuta wenyewe ni wa udongo. Lakini mzee wa miaka sabini atasimama uani mvua ikimnyeshea, aite, angoje kijana atoke, na hatavuka kizingiti kile. Sheria hiyo bado inafuatwa katika boma nyingi kuanzia Keroka hadi Ogembo, hata pale nyumba ilipogeuka kuwa ya matofali yenye sebule na televisheni. Jando ndilo lililomwingiza mvulana katika mfumo huo. Kabla ya kutahiriwa alikuwa akiingia kwa mama yake apendavyo, akikaa jikoni, akilala ndani. Baada ya jando, chumba cha ndani cha mama kilifungwa kwake, na makazi yake yakawa esaiga, nyumba ya vijana wasiooa. Kwa hiyo kisu kilikuwa sehemu moja tu ya kazi. Sehemu nyingine ilikuwa kumfundisha kijana milango upya.

Mafunzo hayo yalikuwa na mandhari yake. Philip Mayer, aliyefanya utafiti Gusii katika miaka ya 1940 na kuchapisha mwaka 1953 maelezo marefu juu ya jando la Abagusii, alionyesha jinsi nyumba ya wari ilivyotengwa na ulimwengu wa kila siku. Ndani yake uliwashwa moto ambao haukuruhusiwa kuzimika hata usiku mmoja. Kando ya moto ilipandwa esuguta, nyasi ndefu ya kijani, na wari waliitunza isinyauke. Moto na nyasi vilikuwa amana. Vikifa, ilikuwa ishara mbaya kwa waliomo ndani, na kila mwari aliyelala pale alijua kwamba macho ya wakubwa yalikuwa juu ya vitu hivyo viwili kuliko juu ya kidonda chake.

Kisha kulikuwa na hofu ya makusudi. Usiku wari walisikia mngurumo mzito kutoka gizani, nje ya mlango. Waliambiwa ni enyabububu, mnyama aliyekuja kuwala. Kijana wa miaka kumi au kumi na miwili, mwenye maumivu, mbali na mama yake, alilala akiusikiliza mnyama ambaye kati yake naye kulikuwa na mlango tu. Baadaye, kwa wakati uliopangwa, alionyeshwa mngurumo ule ulikotoka: mikono ya watu, chombo kilichotengenezwa, ufundi wa kaka zake waliopita njia hiyo kabla yake. Akaapishwa asiwaambie wadogo. Hapo ndipo ilipo akili ya desturi hiyo. Hofu haikuachwa itangetange. Ilipewa jina, ikawekwa nje ya mlango mmoja, kwa msimu mmoja, kisha ikafunuliwa. Aliyetoka mle ndani alijua siri ambayo mwaka uliopita ilikuwa ikimtetemesha, na mwaka uliofuata alikuwa upande wa wanaonguruma.

Majirani wa kaskazini walilitatua jambo hilo kwa njia nyingine. Watiriki, katika nchi ya Waluhya, waliwavika wari wao barakoa za kusukwa zilizofunika kichwa chote, zikapakwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi, ili mwanamke asiweze kumtambua mwanawe hata wakikutana njiani. Kule kusini, kwa Wamakonde wa Tanzania na Msumbiji, ni mchezaji wa mapiko anayeficha uso nyuma ya ubao uliochongwa, na wasiopitia jando huambiwa ni mzuka. Abagusii hawakumvika mwari barakoa. Waliivika nyumba. Badala ya kufunika uso wa kijana, walifunga njia ya kumfikia.

Nyumba hizo ziliwaka moto wa aina nyingine mwanzoni mwa karne ya 20. Majeshi ya Waingereza yaliingia Gusii mwaka 1905, na mapema mwaka 1908, baada ya Otenyo, mpiganaji wa Kigusii, kumjeruhi kwa mkuki ofisa wa wilaya G. A. S. Northcote, yakarudi kulipiza kisasi. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa kwa maelfu. Vibanda vya vijana vya kulindia mifugo, ebisarate, ambavyo vilikuwa shule ya pili ya mvulana baada ya jando, vilipigwa marufuku na serikali ya kikoloni miaka michache baadaye. Hilo halikumaliza jando, bali lililiondolea mwendelezo wake. Mvulana aliyetoka nyumba ya wari zamani alikwenda kulinda mpaka dhidi ya wavamizi. Sasa alitoka na kwenda kuchuma majani ya chai Kericho, au shuleni.

Shule zilikuja na misheni. Wamisionari wa Mill Hill wa Kanisa Katoliki walifungua Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista Wasabato wakafungua Nyanchwa muda mfupi baadaye. Misheni ziliitazama esimbore kwa jicho baya kwa sababu ya maneno yake, na moto wa wari kwa sababu ya imani iliyouzunguka. Lakini zilileta kitu kilichobadilisha jando kuliko mahubiri yoyote, nacho ni kalenda ya shule. Msimu uliokuwa ukifuata mavuno ukaanza kufuata likizo. Muda wa kukaa ndani ukafupishwa ili uishe kabla shule hazijafunguliwa Januari. Ngariba, omosari, akaanza kumwachia kazi daktari. Leo mvulana wa Keroka anaweza kutahiriwa hospitalini kwa ganzi, arudi kwa gari, na bado asindikizwe kwa esimbore kutoka barabarani hadi mlangoni, kwa sababu familia nyingi zilikubali kubadilisha kisu lakini zilikataa kubadilisha mapokezi.

Mlango wenyewe umebadilika pia. Fito zilizosukwa zilipisha mbao, mbao zikapisha chuma. Fundi wa kuchomelea wa Keroka hukata nondo na bati, akaunganisha maumbo ya almasi na maua, akapaka rangi ya samawati au kahawia, na mlango wa aina hiyo huuzwa ukiwa umesimama kando ya barabara kuu. Siku ya sherehe mlango huo hutundikwa vitambaa na maputo, hema husimamishwa uani, na kipaza sauti hukodishwa. Ni mapambo ya siku moja. Kesho yake yameondolewa. Mtu anaweza kuhuzunika kwamba maputo yamechukua nafasi ya esuguta. Huzuni hiyo ina haki yake, kwa kuwa esuguta ilidai kumwagiliwa na kulindwa kwa wiki nyingi, na kazi hiyo ya kutunza kitu hai usiku na mchana ilimfundisha kijana jambo ambalo puto haliwezi kumfundisha.

Upande wa wasichana hauwezi kuandikwa kwa huzuni ya aina hiyo. Wao pia waliwekwa ndani, nao walikuwa na moto na nyasi, na wanawake waliowasindikiza walivaa nguo za wanaume, wakabeba silaha za mchezo na kuimba matusi yao kwa uhuru ule ule. Akina LeVine waliyaeleza hayo yote. Lakini kilichofanyika alfajiri ile kilikuwa ukeketaji, na Kenya iliuharamisha kwa sheria mahususi ya mwaka 2011, baada ya Sheria ya Watoto ya 2001 kuwalinda wasichana walio chini ya miaka 18. Kitaifa, kiwango cha wanawake waliokeketwa kilishuka kutoka asilimia 21 katika utafiti wa afya wa 2014 hadi asilimia 15 katika ule wa 2022. Kwa Abagusii, katika utafiti huo wa mwisho, zaidi ya robo tatu ya wanawake walikuwa wamekeketwa.

Na hapa mlango umepewa kazi mbaya. Zamani alama zote za nyumba ya mwari zilikuwa za kutangaza: moshi, nyimbo, nyasi, wageni waliosimama uani. Kila mtu alijua kilichokuwa ndani. Baada ya sheria, palipokuwa na sherehe pakawa na ukimya. Gusii imekuwa miongoni mwa sehemu za Kenya ambako ukeketaji umehamia zaidi mikononi mwa wahudumu wa afya, na mara nyingi unafanyika nyumbani, mlango umefungwa, pazia limeshushwa, bila wimbo, kwa watoto wadogo kuliko zamani. Nyumba inafanywa ionekane kama nyumba yoyote ya likizo ya Desemba. Huko ndiko kuficha kwa kweli, na kunastahili kufichuliwa. Vikundi vya wanawake, makanisa na shule katika Kisii na Nyamira vimekuwa vikiandaa sherehe mbadala, ambazo wasichana hukaa pamoja siku kadhaa wakifundishwa, kisha hutolewa hadharani kwa nyimbo na zawadi bila kukatwa. Zinarudisha kile kilichokuwa bora katika desturi: mlango unaofunguliwa watu wote wakitazama.

Sasa turudi kwenye Halloween, kupitia Anoka. Ni mji mdogo wa Minnesota, mahali Mto Rum unapoingia Mississippi, kaskazini mwa Minneapolis. Mwendo mfupi tu kusini mwake ni Brooklyn Park na Brooklyn Center, vitongoji ambako Wakenya wengi wa Minnesota wanaishi, na Abagusii ni sehemu kubwa yao. Wengi walikuja kusoma au kufanya kazi za uuguzi na kutunza wazee. Kwa hiyo mtoto ambaye bibi yake yuko Keroka anaweza kukulia karibu kabisa na mji unaojiita makao makuu ya Halloween duniani.

Anoka ilipata jina hilo kwa sababu ya vijana waharibifu. Halloween ilifika Marekani na wahamiaji wa Ireland na Scotland, hasa baada ya njaa kuu ya Ireland ya miaka ya 1840. Ni mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, na nyuma yake kuna Samhain, sikukuu ya Wakelti ya kufunga mavuno na kuingia msimu wa baridi, wakati ambao waliamini wafu na viumbe wengine huwa karibu. Kule walichonga uso wa kutisha kwenye tanipu na kuweka mshumaa ndani. Marekani walikuta boga, kubwa zaidi na laini kuchonga. Lakini kwa miongo mingi, usiku huo Marekani haukuwa wa watoto wadogo na peremende. Ulikuwa wa wavulana wakubwa na hasara. Walipaka sabuni madirishani, walipandisha mikokoteni juu ya mapaa, na zaidi ya yote waling'oa mageti kwenye bawaba zake na kwenda kuyaficha. Katika baadhi ya sehemu za Marekani na Kanada usiku huo uliitwa Usiku wa Mageti. Mwenye nyumba aliamka asubuhi akatafuta lango lake mtini.

Watu wa Anoka nao walikuwa wamezoea kuamka na kukuta ng'ombe wakizurura katika barabara kuu. Mwaka 1920 viongozi wa mji waliamua kuwapa vijana shughuli: gwaride, moto wa hadhara, vyakula vya bure. Linatajwa kuwa miongoni mwa maandamano ya kwanza ya Halloween kuandaliwa na mji mzima nchini Marekani. Mwaka 1937 mvulana wa mji huo, Harold Blair, alisafiri hadi Washington akiwa amebeba madai kwamba mji wake utambuliwe kuwa makao makuu ya sikukuu hiyo. Gwaride linafanyika hadi leo.

Wakati huo huo viwanda vya karatasi viliiona biashara. Kampuni ya Dennison ya Massachusetts ilitoa mwaka 1909 kijitabu cha kwanza cha kuwaelekeza watu jinsi ya kupamba nyumba kwa Halloween kwa kutumia karatasi yake ya mikunjo, na kuanzia miaka ya 1910 vijitabu hivyo vikafuatana mwaka hadi mwaka. Katika miaka ya 1930, uchumi ulipoporomoka na uharibifu wa usiku huo ukazidi, miji mingi ilifuata njia ya Anoka. Nyumba zilianza kuwagawia watoto vitu vitamu ili ziachwe salama, na desturi hiyo ikashamiri nchi nzima baada ya mgao wa sukari wa wakati wa vita kuondolewa mwaka 1947. Mlango uliokuwa ukivamiwa ukageuka kuwa mwenyeji. Sura ya zimwi inayobandikwa juu yake ilitokana na mapatano hayo: mtisho umekubaliwa, umewekewa mipaka, na kesho yake unabanduliwa kwa mkanda usiong'oa rangi.

Ndiyo maana kulinganisha Keroka na Anoka kuna faida. Mngurumo wa enyabububu na meno ya karatasi vilifanya kazi moja ya kuiweka hofu mahali inapoonekana na kuipa tarehe ya kuondoka. Tofauti iko kwa anayevuka. Halloween humpeleka mtoto kwenye milango ya wengine, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja unafunguka. Jando lilimweka kijana nyuma ya mlango mmoja, na alipotoka baadhi ya milango ilikuwa imefungwa kwake maisha yake yote, kwa heshima.

Kwa familia za Kigusii za Minnesota desturi hizi zinakutana katika nyumba moja. Wavulana wengi waliozaliwa huko hutahiriwa wakiwa wachanga, hospitalini, kama ilivyozoeleka Marekani, kwa hiyo Desemba haina tena cha kumtenga kijana. Wazazi wanaotaka apate mafunzo ya chinsoni hulazimika kuyatafutia njia nyingine: likizo nyumbani kwa babu, kambi ya kanisa, au mjomba anayeketi naye. Oktoba nayo inaleta swali lake. Wasabato, ambao ni wengi miongoni mwa Abagusii, kwa kawaida hawaiungi mkono Halloween kwa sababu ya mizimu inayosherehekewa, na baadhi ya makanisa huandaa sherehe za mavuno jioni hiyo ili watoto wasijione wametengwa na wenzao. Mtaani kuna kanuni inayojulikana: taa ya barazani ikiwaka, watoto wanabisha hodi; ikizimwa, wanapita. Mwaka 2025 tarehe 31 Oktoba iliangukia Ijumaa, na Sabato huingia jua linapotua, ambalo Minneapolis siku hiyo hutua mnamo saa kumi na mbili jioni, saa ile ile watoto wanapoanza kutoka. Mwaka 2026 ni Jumamosi, na jua litakapotua Sabato itakuwa inaisha.